Ufunguo wa Ramani

Nina namba elfu nne na mia mbili,
kila moja ni mahali, saa, na kipimajoto ndani ya maji,
kutoka Igombe hadi upande wa pili wa Ukerewe.
Ishirini na nne nukta sita. Ishirini na tano nukta moja.
Ziwa zima limekaa kwenye jedwali
kama abiria wa meli wasiosalimiana.

Kompyuta ilikuwa imeshanichagulia: upinde wa mvua.
Nikabofya, ziwa likawaka kama duka la vitenge.
Na pale joto linapopanda polepole, bila kupiga hodi,
ukasimama mstari wa manjano,
mkali, kama seng'enge ya shamba la mtu.
Nikarudi kwenye namba. Hakuna seng'enge.
Tofauti haifiki hata uzi mmoja,
ni sehemu yake ya kumi.
Rangi imesema uongo kwa niaba yangu,
na uongo wenyewe, jamani, ulipendeza.

Magesa akapita na kikombe chake.
Ndiye aliyetoka na boti, aliyeshusha kipimajoto
mpaka kamba ikamchubua kiganja.
Akainama. "Hapa na hapa si sawasawa?"
Hapa palikuwa pekundu. Hapa palikuwa pa kijani.
Miaka sita tumekaa meza moja
na sikujua kwamba sokoni anabonyeza nyanya
kwa sababu macho hayamwambii.

Basi: buluu kwa baridi, nyekundu kwa joto,
kama mabomba ya hotelini.
Jumamosi nikaichapa, nikaipeleka Kayenze.
Nyanjige alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja.
Akanawa, akaishika karatasi kwa kingo.
"Hapa pekundu wamepiga marufuku?"
Hapana. Hapo maji yana joto tu.
"Na hapa pa buluu ndipo pazuri?"
Hapana, mama. Hapo maji ya chini yamepanda juu,
hayana hewa. Hapo ndipo sangara walipoelea
matumbo juu, mwezi wa saba.
Akanitazama kwa muda.
"Sasa mbona pabaya umepavika nguo ya sikukuu?"

Sikuwa na jibu.
"Na kijani usitie kabisa," akasema. "Kijani tunakijua.
Ni yale maji mazito, yanayonuka, yanayowasha watoto."

Moto wa jiko lake la gesi ulikuwa wa buluu.
Sufuria ikachemka juu ya buluu hiyo.

Akaleta sinia, bilauri nne:
ya kwanza ya mjukuu, karibu yote maziwa;
yangu, maziwa kiasi; ya jirani, tone tu;
na yake mwenyewe, chai ya rangi.
Hakuna aliyeniambia ipi imekolea majani.
Jicho lilipanda lenyewe,
bilauri kwa bilauri, bila kujikwaa.

Usiku ule nikafuta upinde wote.
Nikaanza na weupe wa maziwa, nikashuka taratibu,
hatua moja sawa na nyingine,
mpaka weusi wa chini ya birika.
Magesa akaweka kidole. "Hapa pamezidi hapa."
Ndiyo.
"Na hapa pamezidi kidogo."
Ndiyo, Magesa. Kidogo.

Ila bado sijui joto likae upande gani.
Giza ni joto? Au giza ni kina, ni baridi ya chini?
Bilauri zote nne zilikuwa za moto.
Nimegeuza ngazi mara tatu,
mara tatu ziwa limegeuka nami,
wala halikuwa limeondoka mahali pake, nje ya dirisha,
likipiga mawe kama kawaida.

Kuna mahali pamoja, ng'ambo ya Kome,
boya liliibiwa. Kompyuta ilitaka kupajaza,
ikisie kwa majirani. Nikakataa.
Nimepaacha patupu.
"Hapa je?" akauliza Magesa.
Hapo hatujui.
Akatikisa kichwa, akatua kikombe chake papo hapo,
na alipokiinua kimeacha duara,
kahawia, bado bichi,
rangi isiyomo kwenye ufunguo.